Nyumba ya Babu wa Kambo

Ukiwa stendi ya daladala hapa Dodoma na ukamwambia konda kwamba unakwenda Chamwino, atakuuliza ipi. Zipo mbili. Ipo Chamwino ya mjini, mtaa wa nyumba zilizobanana, na ipo ile ya kilomita 30 na ushee kwenye barabara ya Morogoro, jirani na Buigiri. Hii ya pili makonda huiita kwa jina lake refu, kwa pumzi moja: “Chamwino-Ikulu, Chamwino-Ikulu, bado wawili!” Nilipokuwa mdogo nilidhani Ikulu ni jina la kijiji tu, kama Manchali au Mvumi. Huko hakukuwa na kitu ambacho mtoto angekiita ikulu. Kulikuwa na makazi ya Rais ya tangu enzi za Mwalimu, ndani kabisa, na kutoka barabarani ulichokiona ni vichaka, mibuyu na askari.

Tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Ikulu mpya ya Chamwino. Tulitazama sherehe hiyo kwenye televisheni nyumbani kwa mjomba, na bibi yangu alikuwepo, amekuja mjini kututembelea. Bibi hajawahi kufika Dar es Salaam. Kamera ilipolionyesha jengo kwa mbele, jeupe, matao juu ya matao, alinyamaza kidogo, akafungua fundo la khanga yake, akatoa noti ya buku na kuigeuza upande wa nyuma.

“Mjukuu wangu,” akaniambia, “hii si ndiyo hii?”

Nyuma ya noti ya shilingi 1,000, ile yenye picha ya Mwalimu Nyerere kwa mbele, kuna picha ya Ikulu ya Dar es Salaam. Bibi alikuwa amebeba Ikulu ile kwenye khanga kwa miaka, akinunulia chumvi na mafuta ya taa. Sasa aliiona imesimama Ugogo, na akashangaa kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Alikuwa sahihi. Ikulu ya Chamwino ilijengwa ifanane na ile ya Dar es Salaam, na imefanana nayo. Tangu siku hiyo nimesoma na kusikia mengi kuhusu jengo hili, karibu yote ya kulipongeza, na machache ya kulalamikia gharama. Sijakutana na mtu aliyelisoma kama tunavyosoma riwaya au shairi, kwa kuuliza linasema nini na limejifunza wapi kusema hivyo. Nitajaribu, nikikiri mapema kwamba sijaingia ndani. Nalisoma kwa nje, kama wanavyolisoma Watanzania karibu wote.

Tuanze na jengo lenyewe la awali. Wajerumani walimjengea gavana wao kasri pale Dar es Salaam, kando ya bahari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mwishoni mwa 1914, manowari za Waingereza ziliushambulia mji kwa mizinga na kasri likaharibiwa. Waingereza walipoichukua nchi walikuta magofu ya kazi ya mikono yao wenyewe, na mwaka 1922 wakajenga upya juu ya mabaki hayo. Mchoraji alikuwa John Sinclair, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekwisha kuijaza Zanzibar majengo yake, na ambaye baadaye alituachia Beit al-Amani, jumba la makumbusho lenye kuba pale Mnazi Mmoja, Unguja. Sinclair alikuwa na mtindo mmoja alioupenda: matao, kuta nyeupe, baraza pana, kidogo Uarabuni, kidogo India, kidogo Istanbul. Kwa ufupi, yale ni mawazo ya Mwingereza kuhusu jinsi mtu wa Mashariki anavyopaswa kujenga.

Kwa hiyo Ikulu ya Dar es Salaam tayari ilikuwa nakala. Ilinakili majengo ambayo hayakuwa ya mchoraji wala ya Wazaramo waliokuwa wakiishi pale. Ile ya Chamwino ni nakala ya nakala.

Kuna jambo jingine kuhusu miaka hiyo ambalo sisi wa huku hatuwezi kuliruka. Vita ile haikuishia kwenye kasri. Katikati ya 1916 majeshi yalifika Ugogo, na yale yaliyopita, ya Wajerumani yakirudi nyuma na ya Waingereza yakisonga mbele, yalihitaji kula na kubebewa mizigo. Walichukua ng’ombe, walichukua nafaka, walichukua wanaume wakawe wapagazi. Kisha mvua ikakataa. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliipa jina: Mtunya. Bibi alisimuliwa habari zake na mama yake, aliyekuwa mtoto wakati huo, na hata leo akitaka kusema kwamba jambo fulani ni baya kuliko mabaya yote, hulipima kwa Mtunya. Miaka miwili tu baada ya njaa hiyo kwisha, nyumba mpya ya gavana ilikuwa imesimama pwani, nyeupe, na upepo wa bahari unapita kwenye matao yake.

Sisemi waliolijenga jengo la Chamwino walikuwa na haya kichwani. Nina hakika hawakuwa nayo, na hapo ndipo ninapopata shida.

Halafu kuna neno. Ikulu si neno la pwani. Wanyamwezi na Wasukuma waliita ikulu makazi ya mtemi, mahali alipokaa yeye, watu wake na mashauri ya nchi. Karibu na Tabora pana Kwikuru, yaani kwenye ikulu, makao ya watemi wa Unyanyembe, na wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliliandika jina hilo katika vitabu vyao. Mtemi Isike aliuawa akiilinda ngome yake huko Januari 1893. Wajerumani walipoingia, alilipua ghala la baruti akiwa ndani.

Baada ya uhuru, ilipobidi nyumba ya gavana ipate jina la Kiswahili, neno lililochaguliwa lilitoka bara. Naliona kama tendo zuri la fasihi, pengine zuri kuliko mengi tuliyofanya kwa lugha yetu wakati ule. Mzungu aliondoka akaacha nyumba, nasi tukaipa jina la nyumba ya mtemi. Ni kama kumwambia mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba: sawa, kiti tutakitumia, lakini jina lake tunalijua sisi.

Sasa tazama safari ilivyokwenda. Neno lilitoka bara likaenda pwani kuvishwa jengo la kikoloni. Miaka 60 baadaye linarudi bara, na limekuja na jengo lile lile.

Hapa sharti niwatendee haki waliofanya uamuzi, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko inavyoonekana. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, hadi Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba sasa tunahama kweli, ilipita miaka 43. Kwa miaka 43 Dodoma ilikuwa makao makuu ya kwenye vitabu vya jiografia. Tulijibu hivyo kwenye mtihani na mwalimu akatupa alama, kisha mwalimu huyo huyo akitaka kufuatilia jambo lake la mshahara alipanda basi kwenda Dar es Salaam. Wabunge walikuja wakati wa Bunge na kuondoka. Mawaziri walikuwa na nyumba Dar es Salaam na chumba cha hoteli Dodoma. Watu wa hapa tulijifunza kutoamini.

Isitoshe, kila mkoa una ikulu ndogo, nyumba ya kufikia Rais akiwa ziarani. Machoni pa wengi, Chamwino kwa miongo yote hiyo ilikuwa ikulu ndogo kubwa kidogo. Kama Magufuli, alipoweka jiwe la msingi Mei 2020, angeanzisha jengo la umbo jipya kabisa, la kioo au la mawe ya huku, watu wangesema tena: hii ni ikulu ndogo nyingine, kubwa iko Dar. Kujenga sura ile ile kulimaliza ubishi. Bibi yangu hakuhitaji mtangazaji amwambie kwamba serikali imehama. Aliangalia noti yake.

Kama hoja ya siasa, naikubali. Magufuli hakuishi kuliona jengo likizinduliwa, alifariki Machi 2021, lakini ujumbe wake ulifika.

Kama hoja ya usanifu, inanikwaza, na sababu inahusu nyumba nyingine, ya bibi.

Bibi amezaliwa kwenye tembe. Kwa wasiotoka huku: tembe ni nyumba ya miti na udongo, fupi, paa lake bapa. Juu hupangwa magogo, matawi, nyasi, kisha udongo unashindiliwa mpaka unaweza kupanda na kuanika uwele au mtama. Vyumba vinauzunguka uwanja, na usiku ng’ombe hulala katikati. Mtu mzima huinama kuingia. Ni nyumba iliyotungwa na watu wanaoijua nchi hii: mvua ya milimita 500 na kitu kwa mwaka, yote kati ya Desemba na Aprili, kisha ukame, jua linalopasua, upepo wenye vumbi, na usiku wa Julai ambao wageni kutoka pwani hawaamini kwamba ni Tanzania. Udongo mzito juu ya kichwa unakawia kupata joto mchana na unakawia kupoa usiku. Ina kasoro zake pia, na sitaki kuipamba. Mvua kubwa ikinyesha inavuja. Mchwa wanaila. Ndani mna giza na moshi, na macho ya bibi yanaujua moshi huo.

Tangu operesheni za vijiji za miaka ya 1970, tembe imekuwa dalili ya unyuma. Kiongozi baada ya kiongozi amekuja kutuambia tujenge nyumba bora, na nyumba bora maana yake ikawa matofali na bati. Watoto wa bibi walimjengea ya matofali na bati, pembeni ya tembe, na tembe ikaachwa ikabomoka upande mmoja. Nyumba mpya ni joto Oktoba na baridi Julai. Ila haina aibu. Mgeni akija na gari hatutazami chini.

Kwa hiyo ndani ya maisha ya bibi mmoja, Mgogo aliambiwa aiache nyumba ya babu yake kwa kuwa imepitwa na wakati. Kisha serikali iliyomwambia hivyo ikaja kujenga jirani naye, na ilipotafuta mfano wa kuiga, ikaichukua nyumba ya babu yake wa kambo, ya mwaka 1922, ikainakili tao kwa tao.

Baraza za Sinclair zina sababu pale Magogoni. Zinakaribisha upepo wa bahari na kukinga jua la pwani, na hewa yenye chumvi na unyevu inapita. Chamwino hakuna bahari. Kuna upepo, ndiyo, lakini upepo wetu unakuja na mchanga, na kila mama wa Dodoma anajua kwamba ukishapiga unafunga dirisha. Tao lililofunguliwa kuupokea upepo wa kaskazi limepandwa mahali ambapo kila mtu anakimbia upepo. Bila shaka ndani kuna viyoyozi, na Rais hatapata shida. Lakini jengo likihitaji mashine ili likae mahali lilipo, ni sawa na mwandishi anayeandika habari za theluji kwa sababu vitabu vyote alivyosoma vilikuwa na theluji.

Najua jibu: ulitaka Rais akae kwenye tembe? Hapana. Tembe ya kuwaonyesha watalii tunayo tayari, kwenye Kijiji cha Makumbusho kule Dar es Salaam, na inatosha. Wala kuchukua umbo la jadi na kulivimbisha si dawa. Ghana walitaka kuiacha ngome ya Christiansborg, ambayo historia yake ni ya biashara ya watumwa, na mwaka 2008 wakazindua jumba la Rais lenye umbo la kigoda cha kifalme cha Waakan. Naiheshimu nia yao. Lakini kigoda ni cha kukalia, na ukikifanya ghorofa kinabaki kuwa tangazo la kigoda. Tena walijikuta wakibishana miaka kumi kuhusu jina la jumba hilo, kila chama na la kwake. Na Malawi walijenga jumba kubwa mno pale Lilongwe kiasi kwamba, utawala wa Kamuzu Banda ulipokwisha, Bunge lilihamia humo kwa muda.

Nilichotaka ni kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: jengo lililoiuliza nchi hii swali kabla ya kusimama. Mtu wa tembe alijua mambo matatu au manne ambayo mhandisi wa leo angeweza kuyachukua bila kuchukua udongo wala moshi. Uzito wa paa. Uwanja wa ndani. Kukaa chini, usishindane na mawe yale makubwa ya Dodoma ambayo hata hivyo yatakushinda. Na wazo hilo si geni. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, uliota Dodoma ya vitongoji vilivyounganishwa kwa njia za miguu, baiskeli na mabasi, mji unaofuata mteremko wa ardhi na usiokuwa na majumba ya kujionyesha. Inachekesha kidogo kwamba Wakanada waliitazama ardhi ya Wagogo kwa makini kuliko tulivyoitazama sisi baadaye. Ndoto ile ilikuwa na matatizo yake, pesa ikiwa la kwanza. Lakini ilikuwa imetazama.

Na hapo Chamwino penyewe pana kumbukumbu nyingine, ya karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya vijiji Dodoma, Mwalimu alikuja kukaa na wanakijiji wa Chamwino na kufyatua nao matofali. Unaweza kuukosoa ujamaa mpaka kesho, na operesheni zile ziliwahamisha watu ambao hawakuomba kuhamishwa, ukoo wetu ukiwa mmojawapo. Hata hivyo, picha ya Rais aliyeshika tofali bichi ingeweza kuwa mwanzo wa Ikulu ya Chamwino. Huyo huyo Mwalimu, miaka mingi ya urais wake, alipendelea kuishi nyumbani kwake Msasani kuliko katika nyumba ya gavana. Na mwaka 1995, alipotaka kuwakumbusha wagombea kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, alikuwa anasema juu ya kazi inayofanyika ndani. Sidhani kama matao yalimjia akilini. Sisi tumeyachukua matao.

Zamani kila kilichotoka pwani kwenda bara kilipita Ugogo, na watemi wetu walikitoza hongo: vitambaa, shanga, waya. Burton alinung’unika, Stanley akanung’unika zaidi, lakini walilipa. Siku hizi hongo ina maana mbaya na sipendekezi tuirudishe. Ila kuna kitu katika desturi ile ninachokitamani. Ilimlazimisha mpita njia asimame, aulize jina la mwenye nchi, ajue yuko kwa nani. Jengo hili lilipita bila kusimama.

Jumapili moja, miezi kadhaa baada ya uzinduzi, nilikwenda kumwona bibi, nikiwa na picha za Ikulu kwenye simu. Nilimkuza jengo, nikamwonyesha bustani, nikamwonyesha tausi. Tausi walimfurahisha. Alitaka kujua kama wanaliwa. Kisha akaishika simu mwenyewe, akaisogeza karibu na macho, akaanza kutafuta kitu pembezoni mwa picha, kwa kidole, taratibu, kushoto kisha kulia.

“Unatafuta nini, bibi?”

“Watu waliokuja na shida zao,” akasema, “wanakaa wapi?”

Nikamweleza kwamba kuna lango mbali huko, kuna askari, kuna ofisi za kupeleka barua, mtu haendi tu. Alinisikiliza. Kwao, alipokuwa mdogo, mwenye shauri lake kwa mtemi alikaa chini ya mti nje ya uwanja mpaka aitwe, na kama jua limemkuta hapo alipewa togwa. Alisema hivyo bila kulaumu, kama mtu anayeeleza mahali pa kuweka mtungi.

Kisha akanirudishia simu, akaniomba nimkimbilie dukani kabla halijafungwa. Alifungua fundo la khanga, akanipa ile noti, na kuniambia nisisahau kurudisha chenji.